Peasi la Ardhini

Dari letu lilikuwa sakafu yake, kwa hiyo tulimsikia kabla ya kumwona. Tulikuwa tumepanga chini ya nyumba ya matofali mekundu huko Columbia Heights, mtaa wa mji mkuu wa Marekani, katika sehemu ile ya nyumba ambayo nusu yake imezama ardhini na madirisha yake yanatazama viatu vya wapita njia. Juu yetu aliishi bibi kizee mmoja wa Kizungu, peke yake. Asubuhi, kabla Mama hajawasha jiko, mbao za dari zilianza kulia: kwanza upande wa kitandani, halafu kwenye ukumbi, kisha zikanyamaza kwa muda mrefu jikoni. Alivaa ndara za sufu zilizomzidi ukubwa, na mguu wake wa kushoto ulikuwa mzito kuliko wa kulia, basi mwendo wake ulikuwa na mdundo wake, koo-kushi, koo-kushi. Mdogo wangu Heri aliuigiza mdundo ule mpaka Mama akamfinya sikio. Nilikuwa na miaka tisa, mgeni wa mji na wa lugha ya mji, na Baba alishinda Arlington, ng'ambo ya mto, akisafisha ofisi za watu. Zile hatua za juu ndizo zilizonipa moyo kwamba nyumbani kuna mtu mzima mwingine, hata Mama akiwa hajarudi kutoka kazini.

Jina lake lilikuwa Netty. Mama, mzaliwa wa Uvira ambaye hajapata kumwita mtu mzima kwa jina tupu, alimwita Mama Netty, nasi watoto tukamwita Bibi Netty, na yeye akakubali vyote viwili bila kuuliza maana. Tulimdhania Mmarekani kama Wamarekani wengine. Kumbe alizaliwa Luxemburg, nchi ndogo iliyobanwa kati ya Ujerumani, Ufaransa na Ubelgiji, akaja huku akiwa msichana baada ya kuolewa na mwanajeshi wa Kimarekani aliyepita kijijini kwao wakati wa vita. Siku alipotueleza hayo, Mama alisikia neno Ubelgiji, nchi iliyowatawala babu zetu, akakaza uso. "Jirani ya Babeleji?" aliniuliza kwa Kiswahili cha kwetu, mbele ya mwenyewe, huku akitabasamu kwa adabu. "Tutaona kama ile tabia haikumuambukiza." Lakini alipomkabidhi sahani ya maharage, Bibi Netty alisema "Merci," neno lile lile ambalo Mama angeambiwa sokoni Uvira, na uso wa Mama ukalegea. Bibi alituambia kwamba kwao ndivyo wanavyoshukuru, wamelikopa neno kwa Wafaransa na hawajalirudisha. Lugha yake, alisema, ni kama shati la mtoto wa mwisho, kila kiraka kimetoka kwa ndugu mwingine. Mama alicheka sana, maana Kiswahili chake mwenyewe kilikuwa kimeshachekwa na watu wa pwani mpaka akazoea.

Nyuma ya nyumba palikuwa na kipande cha udongo cha kutosha kutandika mikeka miwili mitatu. Majirani walipanda maua kwenye vipande vyao. Yeye alipanda viazi. Kiangazi cha kwanza aliniita kumsaidia kuvichimba, kwa sababu magoti yake yalikuwa yamegoma. Udongo ulikuwa mweusi, wenye harufu ya mvua ya jana na majani yaliyooza, na kila nilipoingiza mikono nilitoa kimoja, vitatu, kikubwa kama ngumi ya Baba na kidogo kama goroli. Yeye alikaa kwenye kiti cha kukunja, kofia ya majani kichwani, akinisimamia kama mnyapara mwenye huruma. Aliniwekea kimoja kiganjani, bado kina udongo na ubaridi wa chini, akasema, "Gromper." Nikarudia. Akatikisa kichwa, nikarudia tena, akaridhika.

Ndipo akanipa habari ya neno hilo, kwa Kiingereza chake cha taratibu ambacho mimi, mwanafunzi wa Kiingereza, nilikielewa kuliko cha walimu wangu. Zamani, alisema, mababu zake hawakukijua kiazi. Kilitoka huku, ng'ambo ya bahari, kikafika kijijini kwao kama mgeni asiye na barua ya utambulisho. Wakulima walikigeuza geuza. Wengine walisema ni sumu, wengine walisema ni chakula cha nguruwe. Kitu kisicho na jina hakiliki, kwa hiyo wakatafuta miongoni mwa vitu walivyovijua, wakaona kinafanana na tunda peasi, lile lenye tumbo kubwa na shingo nyembamba. Peasi kwao ni Bir, na ardhi ni Grond. Wakakiita Grondbir, peasi la ardhini. Bibi alinituma jikoni nikalete peasi, akaliweka kando ya kiazi juu ya paja lake. Mimi nilitazama nikamwambia wazi kwamba havifanani hata kidogo. "Wewe umeshiba," akanijibu. "Mwenye njaa angeona."

Na kwa kuwa wakulima ni watu wa haraka, aliendelea, hakuna aliyekuwa na nafasi ya kutamka neno refu namna ile huku amejitwisha gunia. Likasuguliwa mdomoni kama mpini wa jembe unavyosuguliwa na viganja: Grondbir, Grombir, Gromper. Alinifanya nilitamke mbio mbio mpaka ulimi wangu wenyewe ukafika pale walipofikia wao kwa miaka na miaka, tukacheka wote wawili. Nilipokuwa mtu mzima nilisoma kwamba neno hilo la peasi la ardhini halikuishia kwao. Majirani zao Wajerumani walikuwa nalo pia, wakahama nalo kwenda mashariki ya Ulaya, na watu wa huko wakalipokea na kulivika nguo zao. Lakini siku ile sikujua hayo. Nilijua tu kwamba nimeambiwa siri ya kitu, na mtoto aliyeambiwa siri hutembea kifua mbele.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda nayo jikoni kwetu. Alikuwepo Mama Zuhura, mwanamke wa Tanga aliyeishi mtaa wa pili na ambaye alikuja kumsuka Mama nywele na kumpa habari za mji. Mama alikuwa akimenya viazi vya Bibi Netty, akavisifu kwamba ni birayi bizuri. "Birayi?" Mama Zuhura akasimamisha chanuo. "Birayi ndo mdudu gani, Mama Neema? Hivyo ni viazi mbatata, mwenzangu. Mbatata." Mama hakushindwa. "Kwetu tunabiitaka birayi, sababu bilitoka Bulaya. Mbatata njo nini? Jina ya mutu?" Mama Zuhura akaeleza kwamba mbatata ni neno la Wareno, walikuja nalo wenyewe na watu wa pwani hawakuona haja ya kubishana na mgeni kuhusu jina lake. Hapo nikaingilia mazungumzo ya wakubwa, jambo ambalo siku nyingine lingeniletea kofi, nikasema kwamba jina lake ni Gromper na maana yake ni peasi la ardhini. Wakageuka wakanitazama. Heri, aliyekuwa na miaka minne na njaa ya miaka kumi, akapiga meza: "Magromba! Nataka magromba!"

Basi likatua. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu kimoja kikawa gromba na vingi vikawa magromba, na hata Baba, mtu asiyependa mchezo, aliuliza akirudi kutoka kazini kama magromba yamebaki. Nilipompelekea Bibi Netty habari hizo juu, alishika kifua kwa kicheko, akasema ndivyo maneno yanavyoishi, hayaombi ruhusa. Mimi nilikaa nikayapima yale majina kwa akili yangu ya kitoto. Watu wa Luxemburg walimtazama mgeni sura wakamfananisha na wa kwao. Watu wa kwetu walimuuliza ametoka wapi. Watu wa pwani walimuuliza mwenyewe anaitwa nani. Shuleni mimi nilifanyiwa yote matatu kwa wiki moja, na sikuamua ni lipi lililoniuma zaidi. Kwa Bibi Netty nilikuwa Neema tu, ingawa alilitamka kwa kulivuta mwanzo na kulimeza mwisho.

Mwaka wa pili, baridi ilipoingia, Kiingereza kilianza kumtoka. Hakikutoka siku moja. Kwanza alipoteza majina ya vitu vidogo, akawa anaonyesha kwa kidole. Kisha akaanza sentensi kwa Kiingereza na kuimalizia kwa lugha yake. Mwishowe tulipobisha hodi alituitikia "Moien," salamu ya kwao, na yote yaliyofuata yalikuwa ya kwao vile vile, maneno laini yenye mikwaruzo katikati, yakitoka kwa wingi na kwa furaha, kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta funguo bado zinafungua. Tatizo ni kwamba nyumbani humo alikuwa peke yake. Mumewe alikuwa amekufa zamani. Mtoto wake mmoja tu, Paul, mwanaume wa makamo aliyefanya kazi ofisini Arlington, alikuja baada ya kazi, akaketi mbele yake na tai shingoni na koti mapajani, akamsikiliza mama yake akizungumza saa nzima bila kuelewa neno. Alituambia kwamba alipokuwa mdogo mwalimu mmoja alimwonya mama yake asimchanganye mtoto kwa lugha mbili, naye akatii. "Alinyamaza kwa ajili yangu," Paul alimwambia Mama, nami nikatafsiri, kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yangu nyumbani. Mama aliniangalia kwa namna ambayo sikuipenda. Wakati huo nilikuwa nimeshaanza kumjibu kwa Kiingereza kila aliponisemesha.

Halafu Bibi Netty akaacha kula. Paul alikuwa amekubaliana na Mama amtunze, na Mama aliipokea kazi hiyo kwa moyo wote, kwa kuwa mama yake mzazi alibaki Uvira na hakujua kama atamwona tena. Alimtunza kama mzee anavyotunzwa kwetu. Hakumruhusu kunyanyua kikombe. Hakumruhusu kukaribia jiko. Alimmenyea viazi, akaviponda kwa maziwa na siagi, akampelekea kwenye sinia na kitambaa safi, akapiga goti kidogo akimkabidhi. Bibi Netty alizoea kwenda kuchukua kisu chake kidogo kwenye droo, na kila mara Mama alimwahi akakichukua mkononi mwake kwa upole. "Muzee hashike kisu na batoto bake biko bazima," aliniambia. "Batu batasema nini?" Bibi alilitazama sinia, akalisukuma polepole mpaka ukingo wa meza, akageuza uso dirishani. Mama akabadilisha: uji wa mchele, supu ya kuku, ndizi zilizopondwa. Yote yakarudi. Mikono ya Bibi ikawa myepesi, pete ikawa inazunguka kidoleni, na ule mdundo wa juu ya dari ukapungua hadi siku nyingine hatukuusikia kabisa.

Daktari alisema kwamba mambo yakiendelea hivyo hawezi kubaki nyumbani. Paul akatafuta, akapata nafasi katika nyumba ya kutunzia wazee upande wa Fairfax, mahali pazuri, alisema, penye bustani na wauguzi. Alisema pazuri mara nyingi mno. Mimi sikuwa na bibi mwingine niliyemjua kwa sura. Wa Uvira nilikuwa na sauti yake tu kwenye simu, ikikatika katika. Niliwaza juu ya Bibi Netty akiwa Fairfax kati ya watu wasiojua hata kwamba "Moien" ni salamu, akiwasemesha na wao wakimpigapiga bega. Niliomba kanisani kwa bidii nikifumba macho mpaka nikaona nyota, nikamwahidi Mungu mambo ambayo sikuwa na uwezo nayo. Mama naye alikonda. Alisema ameshindwa na mzee wa watu, na kwamba hii ni aibu atakayozikwa nayo.

Jumapili ambayo Paul alipanga kuja kumpeleka mama yake Fairfax akapaone, tulirudi kutoka kanisani tumechelewa. Mama alipanda juu haraka na sinia la viazi vilivyopondwa, akashuka nalo vile vile. Sisi wenyewe hatukuwa na cha kula, kwa hiyo alitia magromba kwenye sufuria na maganda yake, akisema sisi si wageni, kila mtu atajimenyea. Yakachemka, na harufu ile ya udongo uliopata joto ikajaa chumba ikapanda ngazi. Tulikuwa ndiyo kwanza tumeketi Baba aliposhika mkono wa Mama ili anyamaze. Koo-kushi. Ilikuwa kwenye ngazi za ndani, ngazi ambazo Bibi Netty hakuwa amezikanyaga tangu baridi ianze. Alishuka ameshika ukuta, akaingia bila kubisha, akaelekea meza yetu moja kwa moja, na Baba akasimama akampisha kiti chake.

Alitazama bakuli lililokuwa likitoa mvuke. Akachukua uma, akakichoma kiazi kimoja, akachukua kisu chetu cha kumenyea, akaanza. Ganda lilitoka utepe mmoja mrefu mwembamba, naye akapuliza vidole, akakiweka kiazi kwenye sahani ya Heri. Akachukua cha pili, akaniwekea mimi. Cha tatu akamwekea Baba, naye Baba kwa kuchanganyikiwa alikipokea kwa mikono miwili. Mama alikuwa ameshasimama, mkono mbele. "Mama, leta. Mi njo nitakumenyea." Bibi Netty alikivuta kisu kifuani akamtazama kwa macho ambayo sikuwa nimeyaona msimu wote ule, macho ya mwenye nyumba. "Mwache, Mama Neema," Baba akasema. "Mwache afanye." Mama akaketi, akaificha mikono yake chini ya meza. Najua ilimgharimu. Alipowekewa chake alisema "Merci" kwa sauti ndogo, na machozi yakamdondokea kwenye sahani. Wote tulipokwisha kupata, Bibi Netty akajimenyea cha kwake, akakitia chumvi, akala. Akala chote. Akachukua kingine.

Paul alitukuta hivyo. Alishuka akimwita mama yake, kwa kuwa juu alikuta kitanda kitupu, akasimama kwenye ngazi ya mwisho na koti la mama yake mkononi. Bibi alimwona, akasogeza sahani ya Baba bila kumuuliza Baba, akammenyea mwanawe kiazi. "Gromper," alimwambia, akimsukumia. Paul akatugeukia akauliza anasema nini. Nikamwambia. Nikampa habari yote, wakulima na peasi na mpini wa jembe, kama nilivyopewa mimi bustanini, na nilipokuwa nikizungumza Bibi Netty aliniitikia kwa kichwa kana kwamba anafuata kila neno. Paul alisema hajapata kuambiwa hayo maishani mwake. Kisha akasema, polepole, kwamba lakini hili analikumbuka: baba yake akiwa kazini, yeye mtoto, mama yake akimmenyea kiazi cha moto namna hii na kumwambia kitu. Akajaribu kulitamka. Alilitamka vibaya. Bibi akatikisa kichwa, akalirudia kwa utaratibu, akifungua mdomo sana ili aone. Akajaribu tena. Mara ya tatu mama yake alimshika shavu kwa mkono wake wenye maganda, na mwanaume yule mzima, na tai yake, akalia mbele yetu bila kujificha. Koti lilibaki juu ya ngazi. Fairfax hawakwenda.

Mama Zuhura aliposimuliwa alipiga makofi. "Si ndiyo maana tukasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Wewe mwenzangu umemfanya mwenye nyumba mgeni nyumbani kwake, msimu mzima!" Mama alijibu kwamba alidhani anamheshimu. "Ulimheshimu," Mama Zuhura akasema akivuta msuko, "ulimheshimu nusura umuue." Wakacheka, lakini Mama alicheka kwa uchungu kidogo. Kuanzia hapo kila asubuhi alimpandishia Bibi Netty beseni la magromba na kisu, na kama hakukuwa na magromba yalikuwa maharage ya kuchambua au nguo ndogo za Heri za kukunja. Akala, si kwa wingi, lakini alikula. Wakati mwingine alitumenyea viazi kuliko tulivyoweza kumaliza, na Mama Zuhura akarudi kwake na bakuli.

Paul akawa anakuja kila Jumapili, bila tai. Nilimfundisha maneno niliyokuwa nayo, nayo hayakuwa mengi, na mengine tuliyaokota wote kwa kumtazama Bibi mikono. "Äddi" lilikuwa moja, neno lao la kuagana. Mama alilishuku tangu mwanzo, kwa sababu alitambua ndani yake adieu ya Kifaransa, na kwetu adieu huambiwa maiti. Wao huwaambia hata wauza maziwa. Bibi Netty alikufa nyumbani kwake, kitandani kwake, majira ya maua, Paul akiwa upande mmoja na Mama upande mwingine. Makaburini Mama alisimama mbele ya kaburi akasema "Äddi, Mama Netty," na kwa mara ya kwanza nilimsikia akilitamka bila shaka yoyote. Nililia mpaka nikapandwa na kwikwi. Sijaona haya kwa kilio kile hata leo.

Ile nyumba siku hizi imepakwa rangi ya kijivu na mlango wake ni wa njano. Karibu na kituo cha treni wamejenga maduka makubwa yanayong'aa usiku kucha, na pale kwenye viazi wameweka sakafu ya mbao na viti. Sisi tulihama zamani. Ninaishi Fairfax, mahali pale pale nilipopaogopa nikiwa mtoto, na ukweli ni kwamba hapana neno. Nina nyumba yenye mwanga, jambo ambalo mtu aliyekulia chini ya ardhi halichukulii kirahisi. Mama anaishi nami. Nilichokosa ni kile alichokosa Bibi Netty, mtoto wa kunijibu kwa lugha yangu. Binti yangu Tumaini ana miaka minane, anaelewa kila ninachomwambia, na ananijibu kwa Kiingereza. Namsemesha Kiswahili akiwa kwenye gari, akiwa bafuni, akiwa anakasirika, Kiingereza kinarudi. Mama husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, halafu ananitazama kama alivyonitazama siku ile mbele ya Paul. Nami kuna siku huogopa kwamba nitazeeka, Kiingereza kinitoke, na mwanangu aketi mbele yangu na koti mapajani.

Paul sasa ni mzee wa fimbo, hakuoa, na hatuna Jumapili bila yeye. Juzi alikuwa mezani, magoti yamefunikwa blanketi la Mama, na katikati ya meza palikuwa na bakuli la viazi vilivyochemshwa. Kumbukumbu yake imeanza kuchakaa, kwa hiyo aliuliza kwa Kiingereza hivi vinaitwaje hapa kwetu. "Magromba," Tumaini akamjibu, akiwa na subira ya mwalimu, na akaongeza kwa Kiingereza kwamba hilo ni neno la Kiswahili. Paul alinitazama. Mimi nikatazama chumvi. Mama, upande wa pili, alicheka mpaka akashika meza, na Paul akaanza kucheka naye, akifuta macho kwa kitambaa cha mezani. Alipotulia alimgeukia Tumaini akamwambia kwamba, kama ni Kiswahili, basi amfundishe na namna ya kuomba zaidi.

Tumaini alishuka kitini akaenda kusimama mbele yake, akafungua mdomo sana ili aone. "Niongezee," akasema. Paul akajaribu, ulimi ukamteleza. "Ni-o-nge-zee," Tumaini akarudia. "Niongezee magromba." Walikwenda hivyo, mzee na mtoto, vichwa vikikaribiana, mpaka chakula kikaanza kupoa, na mwisho mzee akalitoa lote bila kukosea. "Mupatie basi," Mama akaniambia, "ameomba muzuri." Nikachukua bakuli nikamwongezea. Tumaini alirudi kwenye kiti chake, akanisogezea sahani yake, akasema, "Na mimi, Mama. Niongezee na mimi."